Je, Tujiunge na Darasa la Mazoezi Makali? Tufikiri Kwanza, Tulipe Baadaye



Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo limeingia sokoni na hata vijijini: madarasa ya mazoezi makali ya pamoja.

Miezi michache iliyopita tulitembelea kikundi kimoja cha akina mama. Ni kikundi kizuri. Wana wanachama 14, wanakutana kila Alhamisi alasiri, wana mchango wa kuzungushiana na mradi wa mbuzi wa maziwa, na daftari lao limeandikwa vizuri. Tulikwenda kuangalia mbuzi. Lakini siku hiyo hakuna aliyetaka habari za mbuzi. Kijana mmoja alikuwa amefungua darasa la mazoezi katika ukumbi ulio karibu na soko. Muziki wa juu, kuruka, kuchuchumaa na kusimama, kukimbia mahali pamoja, kujiinua kwa mikono sakafuni, dakika 45 hapana mchezo, mara tatu kwa wiki. Ada ni shilingi 100 kila mara.

Kikundi kilikuwa karibu kupitisha mambo mawili. La kwanza, ada ilipwe kutoka mfuko wa kikundi. La pili, atakayekosa darasa atozwe faini ya shilingi 50, "ili wavivu wasituvute nyuma."

Wengi waliinua mikono. Mama mmoja hakuinua, wala hakupinga. Alitazama chini tu. Baada ya mkutano alitusindikiza mpaka barabarani, akatuambia kwa sauti ya chini kwamba ana presha, kwamba dawa zilimwishia mwezi uliopita, na kwamba hataki kikundi kijue. "Nitaenda tu," alisema. "Faini sina, na aibu siwezi."

Makala haya yametokana na maneno hayo. Hatuandiki kuwaambia kwamba mazoezi ni mabaya. Ni mazuri, na wengi wetu tunayahitaji. Tunachosema ni hiki: darasa ni la pamoja, lakini mwili ni wa kila mtu peke yake. Basi kikundi kimsaidie kila mwanachama kuamua, kisimwamulie. Tutafuata njia tuliyoizoea katika jumuiya zetu: tutazame, tuamue, tutende.

TUTAZAME

Mazoezi makali ni nini?

Hamhitaji mashine kujua kama zoezi ni jepesi au kali. Tumieni kipimo cha maneno:

- Kama unaweza kuimba wimbo mzima, hilo ni zoezi jepesi.
- Kama unaweza kuongea lakini kuimba huwezi, hilo ni la wastani. Mfano ni kutembea kama mtu aliyechelewa Misa.
- Kama unaweza kusema maneno mawili matatu tu halafu lazima uvute pumzi, hilo ni kali.

Madarasa haya ya siku hizi huchukua hiyo hali ya tatu na kuigawanya vipande vipande. Mnafanya kwa nguvu zote kwa sekunde chache, mnapumzika kidogo, mnarudia tena. Faida yake ni kwamba moyo na mapafu hupata kazi kubwa kwa muda mfupi.

Huenda mtamsikia mwalimu akitaja neno "Tabata". Hilo ni jina la mtaalamu wa Japani, Izumi Tabata. Mwaka wa 1996 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lao. Watu waliendesha baiskeli isiyotembea kwa nguvu kupita kiasi kwa sekunde 20, wakapumzika sekunde 10, na kurudia hivyo mara saba au nane. Baada ya wiki sita uwezo wao wa kutumia hewa ulikuwa umepanda vizuri, ingawa zoezi lenyewe lilikuwa la dakika nne hivi. Ni jambo la ajabu, na ni kweli. Lakini tuangalie walikuwa nani. Walikuwa vijana wa kiume wanaosomea elimu ya michezo, wakiwa wamekaa juu ya baiskeli, mbele ya wataalamu. Hawakuwa akina mama wa miaka 45 wanaoruka juu ya simiti na patapata, baada ya kupalilia tangu asubuhi. Dawa ni nzuri, lakini kipimo cha mtu mmoja si cha mwingine.

Mwili unahitaji kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka wa 2020. Mtu mzima anashauriwa apate dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa wastani kila wiki, au dakika 75 mpaka 150 za mwendo mkali, au achanganye. Tena, angalau siku mbili kwa wiki afanye kitu cha kuimarisha misuli.

Soma tena hiyo "au". Mazoezi makali ni njia moja, si njia pekee. Nusu saa ya kutembea kwa haraka, siku tano kwa wiki, ni dakika 150. Tena haina ada.

Jambo lingine: mwongozo huo hauhesabu mazoezi ya ukumbini peke yake. Kulima, kubeba maji, kutembea kwenda sokoni, vyote vinahesabiwa. Kwa hiyo kila mmoja aandike wiki yake kwanza kabla ya kusema "mimi sifanyi mazoezi." Tuchukue akina mama wawili. Wa kwanza anaamka, anateka maji mtoni mara tatu, analima mpaka saa sita, anarudi na kuni mgongoni. Huyu moyo wake umefanya kazi. Huenda kinachomkosa ni mapumziko, chakula cha kutosha na kunyoosha mgongo. Wa pili ana cherehani dukani. Anakaa tangu asubuhi mpaka jioni na kurudi nyumbani kwa bodaboda. Huyu ndiye mwili wake unaolia. Ukiwachukua wote wawili, ukawapa darasa moja na faini moja, hujawatendea haki hata mmoja.

Na sisi wa maofisini tumo katika hesabu hii. Mmoja wetu hapa alijaribu darasa kama hilo bila kujitayarisha, kwa sababu hakutaka kushindwa na vijana. Siku mbili zilizofuata alishuka ngazi kinyumenyume akishika ukuta. Alicheka, sisi tukacheka, lakini somo lilibaki.

Faida ni zipi?

Tusiwe watu wa kuogopesha tu. Mazoezi ya mara kwa mara husaidia kushusha presha, husaidia mwili kutumia sukari vizuri, huimarisha mifupa, huleta usingizi na kupunguza mawazo mengi. Darasa la pamoja lina faida moja zaidi: mtu peke yake huacha upesi, lakini akijua wenzake wanamngoja, huamka. Akina mama wengi walituambia kwamba hiyo ndiyo saa yao peke yao katika wiki nzima, saa ambayo hakuna anayewaita kuuliza chumvi iko wapi. Hilo nalo si jambo dogo.

TUAMUE

Tunawapa maswali manne. Kila mwanachama ajiulize mwenyewe, tena kwa ukweli.

Swali la 1: Mwili wangu uko namna gani?

Uchunguzi wa taifa letu uliofanywa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mmoja kati ya wanne, wa miaka 18 mpaka 69, alikuwa na presha ya juu. Zaidi ya nusu ya watu walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja. Presha haina kelele. Mtu anaweza kuwa nayo miaka mingi, anacheka, analima, anaimba kwaya. Katika kikundi cha watu 14 msishangae wakipatikana watatu au wanne.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupimwa, kabla ya kununua raba. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya wa jamii wamekuwa wakigawiwa vifaa, ikiwemo mashine ya presha na ya sukari. Mwiteni wa kijiji chenu siku ya mkutano, au mwende zahanati. Ili kipimo kiwe cha kweli, kaa kimya dakika tano kwanza, usiwe umekunywa chai au kahawa kwa nusu saa, nenda haja ndogo mapema, na mkono uwekwe mezani usawa wa moyo. Upimwe mara mbili.

Kama namba ya juu ni 140 au zaidi, au ya chini ni 90 au zaidi, na inarudia hivyo siku nyingine, hiyo ni presha, onana na daktari au muuguzi. Kama ya juu imefika 180 au ya chini 110, mazoezi makali yangoje na uende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mwenye presha iliyotulizwa kwa dawa hakatazwi mazoezi. Tena yatamsaidia. Lakini aanze na ya wastani, na asiache dawa ati kwa sababu sasa anaruka.

Wafuatao pia waulize kwanza kwa mhudumu wa afya:

- Aliyewahi kuumwa na kifua, kuzimia, au kuambiwa ana moyo.
- Mwenye kisukari, hasa anayejidunga insulini au kumeza vidonge vya kushusha sukari kama glibenclamide. Zoezi kali laweza kushusha sukari ghafla. Akitetemeka, akitokwa jasho baridi au kuchanganyikiwa, aache na apewe soda yenye sukari au maji yenye vijiko vitatu vinne vya sukari. Asije darasani bila kula.
- Mwenye pumu. Abebe dawa yake ya kuvuta, isibaki nyumbani.
- Mwenye ugonjwa wa seli mundu. Kujichosha kupita kiasi na kukaukiwa maji ni hatari kwake.
- Mjamzito. Kutembea ni kuzuri, lakini mimba si wakati wa kuanza mazoezi makali ambayo hukuyazoea.
- Mwenye magoti au mgongo unaouma.
- Mwenye homa leo. Mwili unaopigana na malaria hauna nguvu ya kuruka. Ngoja upone.

Kuna jambo lingine ambalo akina mama hawalisemi mkutanini, basi tutalisema sisi. Wengi waliozaa, wakiruka, mkojo huwatoka kidogo. Wengine husikia kitu kizito kinashuka. Si aibu, na si wewe peke yako. Ni misuli ya chini ya nyonga iliyolegea. Ukiwa hivyo, acha kuruka kwanza, umwone muuguzi. Unaweza pia kufanya zoezi hili: kaza kama mtu anayezuia mkojo, hesabu mpaka tano, achilia, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Usilifanye wakati unakojoa. Aliyejifungua juzi asubiri angalau wiki sita na kuonana na muuguzi kabla ya zoezi la nguvu. Kuruka na kukimbia kungoje mpaka miezi mitatu au zaidi, na aliyepasuliwa asikimbilie.

Swali la 2: Mwalimu ni nani?

Kifua kipana si cheti. Kuuliza si ujinga, na mwalimu mzuri hataudhika. Mwulizeni hivi:

1. Ulijifunza wapi kufundisha mazoezi, na kwa muda gani?
2. Unajua huduma ya kwanza? Mtu akianguka hapa, utafanya nini, na gari ni la nani?
3. Kabla ya kuanza, huwa unauliza watu habari za magonjwa yao? Unawauliza faraghani?
4. Asiyeweza kuruka utampa zoezi gani badala yake?
5. Unafundisha watu wangapi kwa mara moja?

Halafu nendeni mkatazame darasa zima bila kulipa na bila kujiunga. Angalieni kama anaanza na dakika tano mpaka kumi za kupasha mwili joto na kumaliza polepole. Angalieni kama anatembea kati ya watu na kurekebisha magoti na migongo, au anajionyesha mbele tu. Sikilizeni maneno yake. Mwalimu anayesema "pumzika, kunywa maji" ni mwalimu. Anayemwaibisha mnene, au anayesema "maumivu ni uoga ukitoka," huyo mwachieni darasa lake. Na akianza kuwauzia unga wa kupunguza mwili au chai ya kusafisha tumbo, shikeni mikoba yenu.

Angalieni ukumbi pia. Simiti ni ngumu kwa magoti, kwa hiyo kila mmoja awe na raba yenye soli nzuri. Madirisha yafunguke. Maji ya kunywa yawepo.

Swali la 3: Pesa zinatoka wapi?

Hapa tunaomba mweka hazina achukue kalamu. Mtu mmoja, shilingi 100, mara tatu kwa wiki, ni shilingi 300. Kwa wiki nne ni shilingi 1,200. Watu 14 ni shilingi 16,800 kwa hizo wiki nne. Kwa wiki kumi na mbili ni shilingi 50,400. Linganisheni na bei ya mbuzi mmoja wa maziwa sokoni kwenu, halafu mniambie.

Hatusemi afya haina thamani kama mbuzi. Tunasema pesa za mfuko zilichangwa kwa kusudi fulani lililoandikwa katika katiba ya kikundi. Zikitumika kwa darasa ambalo si kila mtu anaweza kuingia, basi asiyeweza anamlipia anayeweza, na mara nyingi asiyeweza ndiye mgonjwa au mzee. Ni haki kweli? Shauri letu: kila anayejiunga alipe mwenyewe, alipe kila mara anapokwenda, asilipe miezi mitatu mbele. Kama kikundi kinataka kutumia mfuko kwa afya, kinunue kitu cha wote, kama vile mashine ya kupima presha. Mwambieni mwalimu pia kwamba mko wengi, ada ishuke. Hakuna bei ya sokoni isiyojadiliwa.

Tena aulize kila mmoja: hizo shilingi 300 kwa wiki zitapunguza nini nyumbani? Kama ni soda na mandazi, vizuri. Kama ni dawa za presha au mayai ya watoto, hapo mazoezi yamekula afya yaliyokuja kuiongeza.

Swali la 4: Niko huru?

Hili ndilo tunaloliona kubwa kuliko yote. Faini inafaa kwa anayechelewa mkutano au kukosa zamu ya kulisha mbuzi, kwa sababu hiyo ni kazi tuliyokubaliana. Haifai kwa mwili wa mtu. Ukiweka faini, mgonjwa atakuja akijificha, na anayejificha hawezi kupumzika hata moyo ukimwambia apumzike. Kikundi kilichoanzishwa ili watu wabebeane mizigo hakiwezi kuwa chenyewe mzigo.

Wala mtu asilazimishwe kutaja ugonjwa wake. Maneno "mimi nitatembea, darasa sitaingia" yanatosha. Tusiulize kwa nini. Na wale wanaotaka kujiunga wasiitwe wenye maringo au wanaoiga watu wa mjini. Wako huru nao.

TUTENDE

Ukishajiuliza maswali hayo manne na ukaona unataka kujiunga, anza hivi:

*Wiki ya 1 na ya 2.* Usiingie darasani bado. Tembea haraka nusu saa, siku tano kila wiki. Kama hata hilo linakumaliza pumzi, baki hapo mpaka lizoeleke. Hakuna anayekukimbiza.

*Wiki ya 3 na ya 4.* Ingia mara moja kwa wiki, na mwambie mwalimu wewe ni mgeni. Fanya nusu ya yale wengine wanafanya. Badala ya kuruka, piga hatua. Badala ya kujiinua sakafuni, sukuma ukuta. Uweze kusema sentensi fupi wakati wote.

*Wiki ya 5 na ya 6.* Ingia mara mbili, zikiwa na siku ya kupumzika katikati. Sasa unaweza kujaribu vipande vifupi vya nguvu, hali ya maneno mawili matatu.

*Baada ya wiki ya 6.* Kaa chini ujiulize: ninalala vizuri? Ninafanya kazi zangu bila kuchoka zaidi? Magoti yanasemaje? Presha imekuwa ngapi? Majibu yakiwa mazuri, endelea. Yakiwa mabaya, punguza au acha. Kuacha kitu kisichokufaa si kushindwa.

Siku ya kupalilia au ya kuvuna, usiende darasani. Umeshafanya lako. Siku ya kufunga pia, tembea tu. Kunywa maji kabla na baada, hasa wewe unayemeza dawa ya presha inayokukojosha. Na kama unameza atenolol, usitegemee kuhesabu mapigo ya moyo, kwa sababu dawa hiyo huyapunguza. Tumia kipimo cha maneno.

Acha mara moja ukiona haya:

- Kifua kuuma au kubanwa, au maumivu yanayoingia mkono, shingo au taya.
- Pumzi isiyorudi hata ukipumzika.
- Kizunguzungu, macho kuingia giza, moyo kupiga ovyo ovyo.
- Kichwa kuuma ghafla kuliko kawaida, uso kupinda, mkono kukosa nguvu, maneno kuvurugika.

Haya hayangoji darasa liishe. Kaa chini, mwambie mwenzako, mtu apelekwe hospitali.

Kuna na maumivu ya baadaye. Misuli kuuma kesho yake na kuzidi siku ya pili au ya tatu ni kawaida, halafu hupungua. Lakini misuli ikivimba, ikilegea, ikiuma kupita kiasi, na mkojo ukawa na rangi ya strungi, hiyo si kawaida. Misuli imeumia sana na uchafu wake unaweza kuharibu figo. Kimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Hutokea zaidi kwa mtu mpya aliyefanya mengi mno siku ya kwanza, ndiyo maana tunasema nusu kwanza.

Kikundi kile kiliamua nini?

Tuliporudi, hatukutaja jina la mtu wala ugonjwa wa mtu. Tuliwauliza tu maswali manne mliyoyasoma hapa, tukawaachia wazungumze. Walibishana sana. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyesema, "Hii faini tuliiweka kwa furaha, hatukufikiri." Ikafutwa. Wakamwita mhudumu wa afya, na kila mmoja akapimwa nyuma ya pazia, namba yake akaambiwa yeye tu.

Leo sita wanakwenda darasani na wanalipa wenyewe. Watano wanatembea pamoja asubuhi, siku tano kwa wiki, mpaka kilimani na kurudi. Watatu hawajaanza chochote, na hakuna anayewasumbua. Yule mama wa barabarani ni mmoja wa watembeao. Alirudi zahanati, anameza dawa zake tena. Alituambia tuandike habari hii, ila tusimtaje. Alisema wako wengine kama yeye katika vikundi vingine, wanaotazama chini wakati mikono inainuliwa.

Mwenda pole hajikwai. Mungu awabariki katika kazi zenu.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kikundi chetu, nani hufanya kazi ya mwili siku nzima, na nani hukaa siku nzima? Kila mmoja anahitaji nini?
2. Ni lini tulipimwa presha kwa mara ya mwisho? Tunaweza kumwita mhudumu wa afya lini?
3. Je, tuna sheria au faini yoyote inayomfanya mgonjwa ajifiche? Tufanye nini nayo?
4. Mtu akinyamaza wakati wa kupiga kura, huwa tunafikiri amekubali. Je, ni kweli?
5. Ni mazoezi gani tunayoweza kuanza wiki hii bila kulipa hata senti moja?